Jinsi Nilivyojifunza Kuweka Mkanda katika Kamera ya Mjomba

Mkanda wa kwanza wa filamu nilioupiga kwa kamera ya mjomba ulirudi mikononi mwangu ukiwa angavu kama kioo cha dirisha, mwanzo hadi mwisho. Palipaswa kuwa na picha 36: nkambo wangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, ameketi mkekani chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mdogo wangu amejifunika kikwembe kipya siku ya kupokewa mahari yake, wakwe wanashuka garini na kreti zao za vinywaji. Nkambo alikuwa amesafiri kutoka Kasenga kwa ajili ya siku hiyo moja tu, na nilipopata habari kwamba hakuna hata picha moja iliyoingia, alikuwa amekwisha kurudi kwake.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyerithi, au aliyenunua sokoni kwa bei ya kumfurahisha, kamera ya zamani ya mkanda, hasa zile zinazofunguliwa kwa chini. Mimi ilinigharimu mikanda mitatu, fundi mmoja wa saa, na aibu mbele ya familia nzima kabla sijajua kuweka mkanda inavyopasa. Kupiga picha kwenyewe hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni zile dakika tano za mwanzo, ambazo nilizichukulia kama kutia betri kwenye redio.

Kamera yenyewe ni Leica IIIf, aina iliyotengenezwa Ujerumani kati ya 1950 na 1957. Mjomba aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines aliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba ili aondoke, na kwa miaka mingi ndiyo iliyopiga ubatizo, misiba na sikukuu zetu zote. Alipofariki, mke wake alinikabidhi ikiwa imefungwa katika kitambaa cha flaneli, akisema kwamba mimi ndiye mwenye mikono ya kazi ndogondogo. Ni kweli kwamba mimi ni mshonaji. Nilisomea mkato na ushonaji katika sekondari, na nina meza yangu ya kazi katika komini ya Kenya, mojawapo ya komini za mji wetu. Sifa hiyo ilinilevya. Nilidhani mtu anayeweza kutia uzi kwenye sindano namba 9 bila miwani hawezi kushindwa na utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 35.

Kabla ya kueleza nilivyoshindwa, ni lazima nieleze kamera ya namna hii inavyofanya kazi, kwa kuwa makosa yangu yote yalizaliwa hapo. Katika kamera nyingi za baadaye, jicho la mpigaji hupitia katika lenzi yenyewe, kwa hiyo lenzi ikizibwa unaona giza. Kamera ya mjomba ni ya kupima umbali kwa vidirisha. Nyuma yake kuna matundu mawili madogo ya kuchungulia, moja karibu na jingine. Katika tundu la kwanza unaona mtu wako mara mbili, kama kivuli kilichoachana na mwenyewe, nawe unazungusha lenzi hadi vivuli viwili viwe kimoja. Hapo umbali umepatikana. Katika tundu la pili unapanga picha yako. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalopita katika lenzi, wala linalojua kama ndani kuna mkanda. Unaweza kuwa umeziba lenzi, umesahau mkanda nyumbani, au mkanda umekwama kikoponi, na bado vidirisha vitakuonyesha nkambo wako anatabasamu vizuri kabisa.

Tena, kamera hii haina mlango wa nyuma. Unaipindua miguu juu kichwa chini, unazungusha ufunguo mdogo wa kwenye kitako, unaondoa kitako chote, kisha unateremsha mkanda kupitia ufa mwembamba kama mtu anayetia barua chini ya mlango. Leica za kwanza zilizouzwa mwaka 1925 zilijengwa hivyo, na mpigaji wa zama hizo alikuwa akijaza vikopo vyake mwenyewe gizani na kuukata mkanda kwa namna kamera ilivyotaka. Kikopo kilichojazwa tayari kiwandani, ambacho ndicho tunachonunua hadi leo, kilikuja mwaka 1934, na mikanda ya siku hizi inakatwa ncha fupi kwa ajili ya kamera zenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo mkanda wa leo na kamera ya mjomba havielewani mpaka wewe uwapatanishe kwa mkasi. Hilo sikulijua.

Mkanda huo wa kwanza niliuagiza kwa dereva wa lori anayekwenda Johannesburg na kurudi kupitia Kasumbalesa. Ulikuwa HP5 Plus, wa nyeusi na nyeupe, na ulinigharimu dola 15 pamoja na soda ya dereva. Asubuhi ya mahari, wageni wakiwa wamekwisha kuanza kuingia na shangazi akiniita jikoni kila baada ya dakika mbili, nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaondoa kitako, nikavuta ulimi wa mkanda. Ulimi ni ile ncha nyembamba inayotokeza nje ya kikopo. Iliyotoka kiwandani ina urefu wa sentimita 4 hivi, kisha mkanda unapanuka kufikia upana wake wote. Niliichomeka katika ile bobini ya kupokelea, ambayo hutolewa nje ya kamera. Naiita bobini kwa kuwa ni bobini kweli, ndugu wa ile ya cherehani, isipokuwa ina kibanio cha chuma cha kuushika ulimi. Nikashusha vyote viwili ndani ya kamera. Mkanda uligoma kuteremka. Nikausukuma kwa kidole gumba; ukaingia huku ukitoa sauti ya karatasi inayokunjika, nami nikashukuru na kufunga kitako.

Sauti ile ndiyo iliyokuwa habari yote. Sehemu pana ya mkanda ilikuwa imegonga ndani, ikakaa upande, matundu yake hayakushikwa na meno ya kuvutia, na nilipoanza kuzungusha kirungu cha kuvutia mkanda, ulimi ulichomoka polepole katika kibanio cha bobini. Mimi niliendelea kupiga. Namba za kuhesabia picha ziliendelea kupanda: 10, 20, 36. Hata nilipofika 38 sikushtuka, bali nilijisifu kwamba nimebahatika kupata picha mbili za ziada. Watu wengi hawajui kwamba kihesabio cha kamera hii kimefungwa kwenye kirungu cha kuvutia, si kwenye mkanda. Kinahesabu mizunguko ya mkono wako, na kitafika 40 hata kama ndani hamna kitu. Na nilipokuwa nikirudisha mkanda kikoponi, kirungu cha kurudishia kilizunguka kwa wepesi kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nikaona ni uzuri wa mashine ya Kijerumani.

Nilimpelekea mkanda mzee mmoja wa Kamalondo, ambaye zamani alikuwa na studio na bado anasafisha mikanda ya nyeusi na nyeupe nyumbani kwake, katika kichumba alichokiziba madirisha. Siku tatu baadaye alinifungulia mlango bila kusema neno, akauinua mkanda ule mbele ya mwanga. Nilipoona ni mtupu nilitaka kulaumu dawa zake. Alinionyesha ukingo.

"Soma hapa, Mama."

Pembeni mwa mkanda, kwa maandishi meusi na madogo, palikuwa na jina la mkanda na namba za picha, moja hadi 36. Alinieleza kwamba maandishi hayo huchapwa kwa mwanga kiwandani na hutokea wakati wa kusafisha pamoja na picha zenyewe. Yakionekana vizuri, dawa ni nzima na msafishaji hana kosa. Mkanda haukupigwa na mwanga wowote ndani ya kamera. Yasipoonekana kabisa, hapo ndipo unaweza kumshuku mwenye dawa. Nakusihi uliweke hilo akilini kabla hujagombana na mtu.

Kisha akaniuliza, "Ulipokuwa ukivuta, uliona hiki kirungu cha kushoto kikizunguka?"

"Sikukitazama, Baba."

"Basi hukupiga picha, mwanangu. Ulikuwa unafanya mazoezi ya kidole."

Alicheka yeye, mimi sikucheka. Lakini alikuwa amenipa jambo ambalo, kama ningelazimika kuchagua moja tu katika maelezo haya yote, ndilo ningelibakiza. Kirungu cha kushoto ni kile cha kurudishia, nacho kimeshika mhimili wa kikopo. Ukivuta mkanda kwa kirungu cha kulia, mkanda ukitoka kikoponi, mhimili unazunguka na kirungu cha kushoto kinazunguka pamoja nao, kinyumenyume. Kikisimama tuli, mkanda nao umesimama tuli. Hapo kuna sharti moja: kwanza uzungushe kirungu hicho cha kushoto taratibu kufuata mshale wake mpaka uhisi kimekaza, ili kuondoa ulegevu wa mkanda ndani ya kikopo. Usipoondoa ulegevu huo, unaweza kuvuta picha moja au mbili kirungu kikiwa kimya ingawa mkanda unatembea, ukaogopa bure.

Mzee hakuutupa ule mkanda mtupu. Kikopo chake alikuwa amekiacha kizima, kwa kuwa aliuvuta mkanda gizani kupitia mdomoni na kuukata, akaacha kipande kifupi kikitokeza. Aliubandika mkanda kwenye kipande hicho kwa utepe wa gundi, akauzungushia ndani, akanirudishia. "Huu ndio wa kujifunzia," alisema. Nilihuzunika kuuona, kwa sababu ni ule ule uliopaswa kuwa na nkambo, lakini nimeutumia kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Ningekushauri uwe na mkanda wa namna hiyo kabla ya kitu chochote, hata kama ni ule uliopitwa na muda: mkanda usio na thamani, wa kuingiza na kutoa mchana kweupe, kitako kikiwa wazi, ili uone kwa macho meno yanavyoshika matundu.

Laiti ningalianza mazoezi siku hiyo hiyo. Badala yake niliagiza mkanda wa pili, dola 15 nyingine, na nikiwa sasa nimeelezwa kwamba ulimi lazima uwe na urefu wa sentimita 10, nilijiona nimefuzu. Hapa nitakiri jambo ambalo washonaji watanielewa. Mkasi wangu mzuri, ule wa kukatia vitambaa, haukati karatasi wala plastiki, awe anayeomba ni mtoto wangu au ni mchungaji. Mwanagenzi wangu wa kwanza alilia kwa sababu ya mkasi huo. Kwa hiyo mkanda niliukata kwa mkasi wa karatasi, uliolegea msumari, ambao kazi yake ni kukata risiti. Mkato ulikwenda kama njia ya mbuzi, na mwishoni, pale ulimi unapoungana na upana wa mkanda, ulipita katikati ya tundu na kuacha nusu ya tundu ikining'inia kama uzi wa pindo lisilomaliziwa.

Mkanda uliteremka vizuri, kirungu cha kushoto kikazunguka, moyo wangu ukatulia. Katika picha ya saba kirungu cha kulia kilikaza. Nikalazimisha. Ndani ya kamera kukasikika mkwaruzo mdogo, na tangu hapo pazia halikufunga. Pazia hilo ni la kitambaa, jepesi, lililotiwa mpira, na hupita mbele ya mkanda kwa kasi inayofika sehemu moja ya elfu ya sekunde; halina nguvu ya kupambana na kipande cha plastiki. Ile nusu ya tundu ilikuwa imekatika na kuingia katika njia yake. Mkanda ule ulikufa, kwa kuwa ilibidi utolewe kwenye mwanga.

Fundi wa saa niliyempelekea anakaa nyuma ya soko, na ni mtu wa maneno machache. Aliifungua lenzi kwa kuizungusha, akageuza kile kigurudumu kidogo cha mbele, cha mwendo wa polepole, akakiweka kwenye herufi T ambayo huliacha pazia wazi, akachungulia kwa kioo chake cha jichoni. Kwa kibano alitoa kipande kisichozidi nusu ya punje ya mchele na kukiweka juu ya kucha yake ili nikione vizuri.

"Mama, huu mkanda uliukata kwa meno?"

Alinitoza dola 40, naye alistahili, kwa sababu kazi ilimchukua mchana mzima na alilijaribu pazia kwa kila mwendo kabla ya kunirudishia. Mtu mwingine angeweza kulitoboa. Usijaribu mwenyewe kuingiza kibano humo ndani, na ukihisi kirungu kinakaza kabla ya picha ya 36, usikilazimishe hata kidogo; afadhali upoteze picha kuliko pazia.

Niliporudi nyumbani siku hiyo, ndipo nilipoanza kuutazama mkanda kwa jicho la kazi yangu. Mshonaji hakati kitambaa kwa kukisia. Anakata kwa patroni, yaani kielelezo cha mkato. Nilichukua kadibodi ya kasha la vifungo, nikachora patroni ya ulimi, na tangu hapo sijaharibu mkanda kwa mkato. Namna yake ni hii. Unavuta mkanda nje ya kikopo kiasi cha sentimita 12, usivute zaidi, kwa kuwa kila kinachotoka kimeungua kwa mwanga. Ulimi mfupi wa kiwandani umekwisha kukuonyesha ni upande gani wa kuondoa. Wewe unaurefusha tu kwa kufuata mstari uleule, hadi ulimi ufike sentimita 10 kamili, ambazo ni sawa na matundu 21 ya ukingo uliobaki. Sehemu hiyo inayoondolewa ndiyo ambayo ingeingia ndani kabisa ya ufa na kugonga. Ikiisha kuondolewa, mkanda unateremka bila kugusa kitu, na upana wote unafika mahali pake baadaye, ukivutwa na meno. Mwisho wa mkato uupinde kwa mviringo, kama shingo ya blauzi, usiache kona. Na mkato ukitokea ukingoni, utokee kati ya tundu na tundu. Ukipita ndani ya tundu, rudi nyuma kidogo ukate upya. Unapoteza milimita tano, si dola 40. Mkasi uwe mkali na mikono iwe mikavu, jambo ambalo mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi linahitaji taulo kando yako.

Baada ya mkato, ulimi unaingia chini ya kibanio cha bobini, na hapa kuna jambo dogo ambalo mzee alinirudisha mara nne: usiingie nusu nusu. Usukume mpaka ukingo wake uguse kisahani cha bobini na ukae sawa nacho, kama uzi unavyolala sawa kwenye bobini ya cherehani. Ukikaa kimshazari utapanda juu ya wenyewe au utachomoka. Kisha shika kikopo kwa mkono mmoja na bobini kwa mwingine, mkanda kati yao ukiwa umenyooka bila kukunjamana, na uvishushe vyote viwili kwa pamoja, kwa kimo kimoja. Mtu anayetanguliza kikopo na kufuatisha bobini anajitafutia ile sauti ya karatasi. Vikifika chini, zungusha kirungu cha kulia kidogo sana huku ukitazama: matundu yamekaa juu ya meno? Mkanda unapita sambamba na ukingo wa kamera? Ndani ya kamera ya mjomba kuna mchoro mdogo uliochorwa na watengenezaji wenyewe, unaoonyesha ulimi mrefu na mahali pa kikopo. Ulikuwa hapo siku zote, mbele ya macho yangu, hata asubuhi ile ya mahari.

Ndipo unafunga kitako, unaondoa ulegevu kwa kirungu cha kushoto, unavuta na kufyatua mara mbili bila kujali lenzi inatazama wapi, huku ukikikodolea macho kirungu hicho cha kushoto, na mwishowe unakirudisha kihesabio kwenye sifuri kwa kidole, kwa kuwa hakijirudishi chenyewe.

Wako wanaofanya vingine. Nimeona watu wasiokata chochote, bali wanapenyeza kadi ya jina katika ule ufa, wanateremsha mkanda juu yake kisha wanaichomoa kadi. Wengine wanaondoa lenzi, wanaliacha pazia wazi kwenye T, na kuusaidia mkanda kwa ncha ya kidole. Njia ya kadi nimeijaribu mara mbili na mkanda wangu wa kujifunzia. Ikafaulu mara zote mbili. Bado nakata. Kidole changu kimekwisha kuonyesha kinavyoweza kufanya karibu na pazia.

Kuhusu mahali: weka mkanda kivulini, hata kama ni kivuli cha mwili wako mwenyewe, na katika kiangazi jihadhari na vumbi letu jekundu, ambalo chembe yake moja ikikaa kwenye mdomo wa kikopo huchora mstari mrefu kupita picha zote. Mimi hupuliza ndani ya kamera kwa kibofu cha mpira cha kusafishia masikio ya watoto. Si chombo cha heshima, lakini kinafanya kazi.

Mazoezi niliyafanya jioni, baada ya kufunga cherehani, kwa wiki mbili. Siku za mwanzo nilikuwa nikitumia dakika kumi na jasho. Mwishowe dakika mbili, na mara nyingine nikiwa nimefumba macho, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla hausubiri mtu amalize. Mkanda wa tatu uliingia sawasawa, ukatembea sawasawa, ukarudi kikoponi sawasawa, na ukatoa picha 36 za ukungu mtupu. Lenzi ya kamera hii, Elmar ya milimita 50, huingia ndani ya kamera kama shingo ya kobe ili ikae vizuri mfukoni, na kabla ya kupiga lazima uivute nje na kuizungusha mpaka ijifunge. Nilikuwa sijaivuta, na vidirisha, kama kawaida yao, havikuniambia kitu. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kupata picha moja inayoonekana, nilikuwa nimetumia dola 45 kwa mikanda mitatu, dola 20 kwa kusafisha mara mbili, na dola 40 kwa fundi, jumla dola 105. Huo ni ujira wa kushona vikwembe saba. Mume wangu aliuliza kwa upole kama simu yangu haipigi picha. Inapiga, na siku ya mahari vijana wote walipiga kwa simu; miezi minne baadaye nilipowaomba picha za nkambo, mmoja alikuwa ameibiwa simu yake na wengine walikuwa wamezifuta ili kupata nafasi.

Kurudisha mkanda nako kuna desturi yake, ambayo naieleza kwa ufupi. Karibu na kirungu cha kulia kuna kishikio kidogo chenye herufi A na R. Kikiwa kwenye A mkanda unavutwa, ukikisogeza kwenye R meno yanaachia, na kirungu cha kushoto kinaweza kuurudisha mkanda kikoponi. Sasa ninajua kwamba lazima uhisi uzito. Ukizungusha unahisi kama unavuta utepe wa kiuno kutoka ndani ya pindo, kisha ghafla uzito unaisha: mkanda umeachia bobini. Wapo wanaosimama hapo ili ulimi ubaki nje. Mimi naongeza mizunguko michache ulimi uingie wote, kwa sababu kikopo chenye ulimi nje kinafanana na kikopo kipya, nami sitaki kupiga harusi juu ya msiba. Usiondoe kitako kabla ya kuhisi uzito ule ukiisha. Na kama tangu mwanzo hukuhisi uzito wowote, usikimbilie kuhuzunika, bali ingia mahali penye giza kabisa, chini ya blanketi mbili usiku pia panafaa, ufungue na kupapasa. Pengine mkanda bado uko kikoponi na haujapigwa, na hapo unaokoa dola 15 na gharama ya kusafisha. Mimi, mara ya kwanza, ningeweza kujua siku ile ile ya mahari, wageni wakiwa bado mezani na nkambo akiwa bado uani.

Mkanda wa nne ulitoa picha 34. Katika hizo, labda sita ni nzuri: mzee wa Kamalondo mlangoni pake, bomba refu la kiwanda likiwa mbali nyuma ya mapaa ya Kenya, mwanagenzi wangu akiuma uzi. Mzee alizichapa kwa ukubwa wa kiganja, akazipanga juu ya meza, na jambo la kwanza alilolitazama lilikuwa ukingo wa mkanda, kuona kama nafasi kati ya picha na picha zinalingana. Zililingana.

Mwezi wa Julai, barabara ya Kasenga ikiwa kavu, nitakwenda kwa nkambo. Mikanda mitatu imekwisha kukatwa ndimi kwa patroni na imefungwa kila mmoja katika kikopo chake cha plastiki, pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe. Mtoto wa dada yangu atafuatana nami, na ameomba aweke mkanda wa kwanza yeye mwenyewe. Nimemkubalia. Kwa sasa anafanya mazoezi na ule mkanda mtupu, na jana usiku nilimsikia chumbani akizungusha, akisimama, akizungusha tena. Nilipochungulia, alikuwa ameinamia kamera kiasi cha kuigusa kwa pua, akikitazama kirungu cha kushoto.